Kitenge Ndani ya Trakisuti

Mume wangu alisema tangu mwanzo kwamba mtoto wa miaka sita hachagui nguo. Akichagua nguo leo, alisema, kesho atachagua tule nini, na kesho kutwa atatuchagulia nyumba ya kuishi. Nilimwambia amalize ugali wake. Aliyeagiza ni mwalimu, si mimi. Ijumaa ile shule ilikuwa inasherehekea Siku ya Urithi, siku ambayo Afrika Kusini nzima huvaa mavazi ya asili, na mwalimu wa gredi ya kwanza alikuwa ametuma ujumbe kwa wazazi wote: sare zibaki nyumbani, kila mtoto aje na vazi la kwao, na vazi hilo alichague mwenyewe. Wazazi tusiingilie. Hilo alilirudia, kama mtu anayetujua.

Nami nikamwahidi binti yangu. Nilimwahidi Jumapili tukitoka kanisani, moyo ukiwa mwepesi, wakati ambapo kuahidi hakugharimu kitu. Utavaa unachotaka, nilimwambia. Akarukaruka njia nzima hadi Greyville, tunakoishi.

Jumatatu simu ikaanza kuleta maneno. Sisi Wakongo wa Durban tuna kundi letu la kupashana habari, na kila mtu alikuwa akituma alichosikia: kwamba Ijumaa kuna maandamano mjini ya kutaka wageni waondoke, kwamba wageni wote wafunge biashara, kwamba wenye maduka ya simu wameshaonywa. Mwenye saluni ninaposuka nywele akasema Ijumaa hafungui. Tumeyazoea mambo haya. Maandamano mengine hutangazwa na asitokee hata mtu mmoja. Shida ni kwamba huwezi kujua ni yapi yana watu mpaka ukutane nayo barabarani.

Basi nikafanya hila. Alhamisi jioni nilimtandazia nguo kitandani achague. Upande mmoja suruali mpya ya jinzi na fulana yenye bendera ya Afrika Kusini. Upande wa pili sketi ya shanga za Kizulu, niliyoazima kwa jirani wa ghorofa ya juu mwenye wajukuu wengi. Gauni lake la kitenge nilikuwa nimelificha kwenye sanduku juu ya kabati. Nilijiambia kwamba bado anachagua, maana nguo ni za aina mbili, na aina mbili ni uchaguzi.

Alizitazama kwa adabu, kama mgeni aliyepakuliwa chakula asichokipenda, halafu akauliza ile ya kanisa iko wapi.

Wamama wa kanisa letu hukata kitenge kimoja kila mwaka kwa ajili ya sikukuu. Wote tunavaa rangi moja, tukisimama kuimba hujui nani ni nani, na vipande vinavyobaki hushonewa watoto. Mwaka huo kilikuwa cha manjano chenye ndege wakubwa wa bluu. Binti yangu aliwapenda wale ndege kiasi kwamba alikuwa akilala na gauni hilo mkononi. Nikamwambia limechafuka. Akanikumbusha kuwa tulilifua Jumamosi na yeye ndiye aliyenipa vibanio. Nikamwambia mwalimu atafurahi zaidi akiona shanga. Hakubisha. Alikaa tu ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia.

"Mama, ulisema mimi njo nachagua," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

Mtoto huyu amezaliwa Durban. Kizulu anakijua kuliko nitakavyowahi kukijua mimi. Na wiki nzima alikuwa amesimama mbele ya kioo akifanya mazoezi ya maneno atakayowaambia wenzake: kitenge hiki ni cha mama, na mama anatoka Bukavu. Akifika kwenye Bukavu alikuwa anainua kidevu, na Bukavu yenyewe hajaiona hata siku moja. Nikapanda juu ya kiti, nikashusha sanduku.

Asubuhi mume wangu alikuwa ameshaondoka kwenda Clairwood, kwenye bohari anakopakia malori. Alipiga simu wakati ninamchana mtoto nywele. Huko mageti yalikuwa yamefungwa, malori hayatoki, na mkubwa wao wa kazi alikuwa amewaambia wageni wakae ndani. Akasema nisimtoe mtoto. Nikamjibu kuwa nimeahidi.

"Bale batu bako na fimbo," akasema. "Ahadi yako itazuia fimbo?"

Nikakata simu. Woga nilikuwa nao, nisijifanye shujaa. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Nilikuwa nimechoka kujifungia ndani kila mtu fulani anapoamua kwamba leo ni siku ya kujifungia, na nilikuwa nimechoka zaidi kumweleza mtoto sababu za uongo. Mara tumbo linaniuma, mara shule imefungwa. Siku hiyo nilikataa.

Tukapatana hivi. Atavaa kitenge chake, lakini juu yake atavaa trakisuti ya shule, koti na suruali, mpaka langoni. Tukifika langoni tunavua, naye anaingia na ndege wake. Nikalichomeka gauni lote ndani ya suruali, tumbo likamtoka kama aliyeficha mkate. Alijitazama akacheka, nami nikacheka, nikamfungia zipu.

Njiani hatuongei Kiswahili. Ni sheria ya nyumba yetu, na ya nyumba nyingi za Wakongo ninazozijua mjini hapa. Ukishuka ngazi za jengo, Kiswahili na Kifaransa vinabaki juu. Yeye huongea Kizulu chake, mimi hutabasamu, na nikimbana mkono anajua anyamaze. Hajawahi kuuliza kwa nini. Alianza kuifuata sheria hiyo kabla hajajua kufunga viatu.

Tulipita kando ya ukuta wa uwanja wa mbio za farasi. Maduka mengi ya wageni yalikuwa yameshusha milango. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, ule unyevu wa Durban unaokufanya uloe hata ukisimama, na mtoto alikuwa anatoka jasho ndani ya nguo zile mbili. Hakulalamika. Kila tukipita kundi la watu nilikuwa ninahesabu milango iliyo wazi, nikijiuliza ni upi tungeingia. Hakuna aliyetuangalia. Nikaanza kuamini kwamba mume wangu alikuwa ametishika bure.

Kwenye roboti ya mwisho kabla ya shule tulisimama kusubiri taa za barabarani zibadilike, na hapo tukamkuta mtoto wa darasa la binti yangu na bibi yake. Yule mtoto alikuwa amevaa shanga tangu kichwani hadi miguuni, anang'aa. Akamwuliza wangu kwa Kizulu mbona amekuja na sare, kwani amesahau? Kiasi hicho cha Kizulu ninakielewa. Wangu akatabasamu tabasamu la mtu mwenye siri nzuri, akashika zipu, akaishusha hadi kifuani. Kichwa cha ndege wa bluu kikatokeza.

Hapo ndipo nikasikia wimbo. Waandamanaji walikata kona wakija upande wetu, wanaume wengi na wanawake wachache, wengine wameshika mabango, wengine marungu. Gari la polisi liliwafuata nyuma polepole, kama linasindikiza harusi. Nilimshika mtoto begani na kuipandisha ile zipu kwa nguvu zangu zote, mpaka mwisho, na ikamng'ata ngozi chini ya kidevu. Alifungua mdomo alie. Nikambana mkono. Akafunga mdomo.

Hata leo ningefanya vilevile.

Walipita karibu sana, nikasikia harufu ya jasho lao. Kijana mmoja alitutazama, mimi kwanza, halafu watoto, halafu yule bibi. Bibi akamsalimu kabla hajasalimiwa, kwa sauti ya mtu anayemsalimu mjukuu, kisha akanyoosha mkono akamshika binti yangu mkono wa pili. Kijana akaitika salamu kwa heshima, akaendelea na wenzake. Taa ilipobadilika tulivuka wote wanne tumeshikana mikono. Sikuthubutu kumshukuru bibi, kwa sababu shukrani yangu ingekuwa na lafudhi. Sijui kama alijua kwamba sisi ni wageni. Kule ng'ambo alimwachia mtoto mkono, akampapasa shavuni, akatangulia na mjukuu wake.

Langoni palikuwa na rangi zote. Watoto wa Kihindi na sari ndogo, watoto wa Kizulu na ngozi na shanga, mwalimu mwenyewe kajifunga kilemba chekundu na anaimba. Wimbo wa barabarani ulikuwa umeshapotelea mjini. Nilipiga magoti mbele ya binti yangu. Chini ya kidevu palikuwa na tone la damu, nikalipangusa kwa pindo la kitambaa changu cha kichwani. Nikamwambia polepole, kwa Kiswahili, ingawa tulikuwa nje, kwamba tumefika. Sasa tuvue, waone ndege.

Akaishika zipu kwa mikono yote miwili, juu kabisa, shingoni.

Nilidhani anaogopa itamng'ata tena. Nikamwambia nitaishusha taratibu, hataumia. Akatikisa kichwa. Nikamkumbusha maneno yake ya mbele ya kioo. Nikamwambia wenzake wote wamevaa, yeye tu amebaki. Akaitazama barabara nyuma yangu.

"Na bale batu bakikuya huku?"

Nikasema hawawezi kuja huku, hapa ni shule.

"Mama, uko sure?"

Nimemdanganya mtoto huyu mara nyingi na kwa urahisi. Jana yake tu nilikuwa nimemwambia kitenge ni kichafu. Lakini alikuwa ananitazama usoni karibu mno, na safari hii uongo ulinishinda.

"Basi mi nachagua hii," akasema, akagusa koti la trakisuti kifuani, na akaenda zake.

Ningeweza kumkamata. Ningeweza kulivua lile koti kwa nguvu, mimi ni mama yake. Sikunyanyuka. Nilimwona akijipanga kwenye mstari na tumbo lake la gauni lililokunjwa, mikono kwenye zipu, na mwalimu akainama kumwuliza vazi la kwao liko wapi. Sauti yake ni nyembamba lakini inasikika mbali. Akajibu kwa Kizulu safi, bila kusita, kwamba kwao hawana.