Kusema Baada ya Kumeza

Mama alikuwa na njia yake ya kumwadhibu kaka yangu: aliongea naye kupitia kwangu. Nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia, mtu akipiga chafya wote tunasikia, lakini yeye anaangalia ukuta na kuniambia, "Mwambie huyo chai iko mezani." Nami nageuka, namwambia chai iko mezani. Mpaka nikachoka kuwa redio.

"Huyo" alipewa jina la babu yetu, babake Mama, kwa hivyo tangu anatambaa Mama alimwita "baba". Hilo lilikwisha siku alipobeba sufuria kubwa ya akina mama wa kanisa, ile ya kupikia matanga na harusi, akaiuza soko la Gikomba kama chuma chakavu, pesa ikaishia kwenye heroini. Mtunzaji wa sufuria alikuwa Mama. Mfiwa wa kwanza alipokuja kuiomba, Mama alikosa pa kuficha uso.

Nilimkumbusha kwamba mtoto akinyea mkono haukatwi. Akasema hajaukata, ameuosha tu. Haya, mletee huyo mama methali nyingine.

Kaka alipoanza methadoni, mimi ndiye niliyemsindikiza. Ni dawa ya maji ya kuzuia arosto, yale mateso ya kuacha heroini. Unainywa kliniki kila asubuhi mbele ya muuguzi, halafu lazima useme kitu, ajue umemeza na hujaibania mdomoni ukaiuze nje. Kaka alikuwa akisema "asante", basi. Mama alisema ni kumbadilishia mlevi chupa. Mimi nilimwona kaka akinenepa, akicheka, akioga bila kuambiwa, nikatamani kumtikisa Mama mabega.

Asubuhi moja kaka hakutoka kitandani. Alisema haendi tena.

"Napona nimrudie nani?"

Nilijua akikosa dawa siku chache tu, arosto itamrudisha kule kule. Niliogopa sana. Mama alikuwa anabandika chai na alikuwa amesikia kila neno, kwa hivyo nikamwambia redio imeharibika, leo ampeleke mwenyewe.

Nilingoja matusi. Mama akazima jiko, akajifunga leso, akasimama mlangoni kungoja. Kaka akavaa viatu. Tukaondoka watatu.

Kliniki kaka alipewa kikombe chake kidogo, akanywa. Muuguzi akamwambia aseme kitu. Kaka akageuka, akamtazama Mama.

"Mama, umekunywa chai?"

Mama akaniangalia mimi kama kawaida, mdomo uko wazi tayari. Nikaangalia dari. Muuguzi naye alisimama tu, anangoja.

"Sijakunywa, baba," Mama akasema. "Twende nyumbani tukanywe."