Vidole vya Karani

Karani wa mahakama ile ya Texas alikuwa na vidole virefu, vyepesi, na Lurleen, ambaye kosa la daktari lilimwachia mikono iliyokufa ganzi, alivionea wivu tangu siku ya kwanza. Alivitazama vikinyoosha kona za karatasi na kugusagusa kikombe kujua kama kahawa imepoa. Raia walioamua kesi walimpa dola milioni mbili kwa mateso yake. Lakini sheria ya jimbo iliweka kikomo cha fidia ya mateso, na ilikataza raia hao wasiambiwe kuhusu kikomo hicho. Kwa amri ya jaji, karani akaandika upya: laki mbili na nusu.

“Pole, mama. Ndiyo mwisho wa sheria.”

“Basi chukua wewe hizo laki, mwanangu, unipe vidole vyako.”

Karani akaishusha mikono yake taratibu, akaificha chini ya meza.