Dumu la Maziwa la Mjomba

Leo mama yangu amekataa kumpakata mwanangu, na kosa ni langu.

Jana alipigwa picha ya mifupa Mwanza. Walimchoma dawa yenye mionzi. Nesi akaniambia, "Asimpakate mtoto mchanga mpaka kesho asubuhi. Baada ya hapo hakuna shida."

Tuliporudi Nyahanga nikawaeleza nyumbani hivyo hivyo. Sasa mjomba anachenjua dhahabu kwa zebaki huko Bugarama. Alisikia mionzi, akaelewa sumu. Wenzake wakihisi sumu ya zebaki imewaingia hunywa maziwa, basi naye akaleta dumu zima!

Jamani, mama hapendi maziwa. Kanywa vikombe sita huku kaziba pua.

Asubuhi hii nikampelekea mtoto. Akasogeza kiti nyuma.

"Mama Neema, mtoe mwanao hapa. Sumu haijatoka."

"Imetoka, mama. Nesi alisema mpaka asubuhi tu."

"Kama imetoka, mbona mifupa bado inaniuma?"



Muda mfupi kabla sijampelekea mtoto, daktari alikuwa amenipigia. Saratani yake ya titi imeshaingia kwenye mifupa, hadi uti wa mgongo. Alisema tumtunze tu.

Mama hajui. Anaamini maziwa yakishaitoa sumu, na maumivu yataisha, halafu atambeba mjukuu wake.

Nyie mngemwambia nini? Niambieni ukweli, msinionee aibu.

Mimi nilichukua kikombe nikammiminia cha saba.