Nilisema Nimeiona Ile Movie, na Sikuwa Nimeiona

Kosa ni langu. Nasema mapema kabla sijaeleza kitu, juu najijua, nikianza kueleza naanza kujitetea. Nisikize kwanza. Matusi utanipea nikimaliza.

Mimi niko na kibanda cha movie hapa Thika, upande wa Kiandutu. Mtu analeta flash, tunachagua, namwekea. Hiyo kazi sikufunzwa na mtu. Nilijifunza kwa kuangalia tu, na zile naangalia sana ni za kuogofya. Wanafunzi wa chuo wanatoka mpaka Kahawa Wendani kuja kuniuliza, "Siste, hii iko poa ama ni ya kulala?" Nikisema ni takataka, hakuna mtu anaibeba. Neno langu likawa kama muhuri. Na kichwa ikafura.

Huyu nitamwita Hamisi, si jina lake. Tumekua ploti moja. Nyanya yake ndiye alikuwa ananilisha mimi, mamangu akiwa kazini. Mimi si Mwislamu lakini nilikuwa nafunga Ramadhani mpaka saa sita, namfuata tu Hamisi.

Hamisi ako na kifafa tangu tukiwa wadogo. Anameza dawa, na ilikuwa imepita zaidi ya miaka miwili haijamwangusha. Lakini kuna kitu moja dawa haiwezi: mwanga wa kukatakata, ule wa kuwaka na kuzima haraka haraka. Huo ukimpata, anaenda.

Tuliojua ni watatu. Yeye, nyanya, na mimi. Tulificha juu Hamisi alikuwa ameandikwa kwa kiwanda ya nguo, kwa mashine ya kukata kitambaa. Wakubwa wangejua, hiyo mashine hangeikaribia tena.

Na anapenda movie kunishinda. Kwa hivyo tulikuwa na njia yetu. Mimi naangalia kwanza. Nikiona mwanga ya hivyo, naandika dakika kwa karatasi. "Arobaini na mbili mpaka arobaini na tatu, geuka." Yeye anaweka karatasi kwa goti, anaangalia saa, dakika ikifika anageukia ukuta. Tangu tumalize shule sikuwa nimewahi kukosea hata mara moja.

Sasa kuna movie moja ya zamani tuliona tukiwa watoto kwa TV ya jirani. Sisi tunaiita ya Mama wa Mshumaa. Mama amekufa, na kila jioni anarudi na mshumaa kuhesabu watoto wake. Hakuna kelele, hakuna damu. Ni mshumaa tu inatembea kwa korido. Hamisi aliniambia hiyo ndiyo movie ya kwanza aliona mpaka mwisho bila kugeukia ukuta. Unaelewa? Hiyo movie ilikuwa yetu.

Halafu watu wa movie wakairudia, wakaitengeneza upya. Mama mpya, nyumba mpya, kila kitu. Nikaapa mbele ya wateja siiangalii hata nikilipwa. "Mtu akupashie chakula ya jana akuuzie kama ya leo, utanunua?" Watu wanacheka, mimi naongeza. Ilikaa kwa kompyuta yangu miezi mingi, nawekea watu, na sijaifungua. Wakiniuliza nawajibu, "Ni ile ile, wamebadilisha nguo tu."

Ndio akakuja kijana mmoja wa Wendani anaitwa Brayo, mrefu, mdomo kama wangu.

"Siste, hii mpya inashinda hiyo yenu ya zamani."

"Rudia."

"Inashinda. Hiyo yenu ni ya kubembelezea watoto walale."

"Wewe umezaliwa juzi, utaniambia nini?"

"Basi tuonyeshe watu zote mbili, waamue. Ama unaogopa?"

Mimi nikiulizwa kama naogopa, akili inatoka inaenda kukaa nje.

Tukapanga Jumapili saa nane mchana, kwa ile ukumbi ya mabati watu huangalilia mpira. Ya zamani kwanza, halafu mpya, halafu watu wainue mikono. Nikaalika kila mteja. Hata Mzee Gitau nikamwalika. Mzee mpole, anapenda za zamani, na ndiye alikuwa mkubwa wa Hamisi pale kwa mashine. Sikufikiria mbali. Niliona tu huo mkono ni wangu.

Na nilitaka Hamisi akae kando yangu. Hiyo movie tuliona pamoja, tutaitetea pamoja.

Jumamosi akapitia dukani akitoka kazi, bado ako na nyuzi kwa nywele.

"Karatasi yangu iko wapi?"

"Haina haja. Hiyo haina mwanga."

"Umeiona?"

"Hamisi, wewe ndiye unaniuliza mimi kama nimeona movie?"

"Nauliza tu, bosi. Umeiona?"

"Nimeiona. Hakuna."

Akaamini. Kwa nini asiamini?

Movie ilikuwa hapo kwa kompyuta, hatua mbili kutoka mahali nimesimama. Saa moja na nusu tu. Lakini niliona nikiifungua, Brayo atakuwa amenishinda kabla hata hatujafika. Kiburi ya kijinga. Nikafunga kibanda nikaenda nyumbani kulala, na nikalala vizuri.

Jumapili ukumbi ilijaa. Madirisha ilikuwa imefunikwa na magunia, ndani giza tupu. Ya zamani ikapita, watu kimya, Mzee Gitau akapiga makofi. Nikamwangalia Brayo nikamcheka. Halafu ikawekwa mpya.

Mwanzo sikuona shida. Nilikuwa nimekunja mikono natafuta ubaya ya kusema baadaye. Yule mama akafika kwa korido. Nikangoja mshumaa.

Hakukuwa na mshumaa. Walikuwa wameweka stima. Balbu za korido yote zikaanza. Waka, zima, waka, zima. Giza ya mle ndani na hayo mabati, mwanga ilikuwa inaruka kila upande, hakukuwa na ukuta ya kugeukia. Hamisi akanishika mkono. Alikuwa amefumba macho tayari.

"Ulisema hakuna," akaniambia. Polepole, kama mtu anauliza.

Halafu akaanguka.

Watu walicheka. Walidhani nimepanga, ati ni mchezo yangu ya kuwashtua. Walipoona miguu inapiga benchi, kicheko ikakatika. Mama mmoja akaanza kukemea shetani, "Toka kwa huyu kijana, toka!" Mwingine akammwagia soda kwa uso. Jamaa mwingine akaja na kijiko, anataka kumpanua meno. Na movie bado inaendelea, mwanga bado inampiga.

Nikamsukuma huyo wa kijiko mpaka akaenda chini. Nikapiga kelele na nguvu yangu yote:

"Mwacheni! Si shetani, ni kifafa! Ako nayo tangu akiwa mtoto, dawa iko kwa mfuko yake!"

Brayo akachomoa waya. Mtu akavuta gunia kwa mlango, jua ikaingia, na nikamwona Mzee Gitau amesimama na kofia mkononi, anamwangalia Hamisi. Akakuja, akapiga magoti, akamlaza kwa ubavu, akaweka ile kofia chini ya kichwa chake.

Jumanne Hamisi aliambiwa asirudi.

Jumatano saa ya lunch nikaenda mpaka kwa geti ya kiwanda, nachemka. Nikampata Mzee amekaa kwa jiwe anakula githeri.

"Mzee, wewe ni mtu wa aina gani? Amewakatia kitambaa miaka miwili na hajawahi kukata hata kucha yake."

"Keti, msichana wangu."

"Siketi."

"Haya, simama. Ile mashine haijui mtu. Nimwache hapo na najua, siku moja aangukie wembe, nitaenda kuambia nyanya yake nini? Niliomba wampeleke kupakia. Ofisi ikasema hakuna nafasi."

"Ungenyamaza tu."

Akafunika githeri yake. "Ungenyamaza wewe. Mimi nilisikia tu."

Nikamwachia geti yake nikaondoka.

Nikaenda kwa kina Hamisi. Nyanya alifungua mlango na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakuniambia karibu. Alisogea tu kando. Hamisi alikuwa amekaa kwa kitanda, na ulimi yake bado ilikuwa imevimba pale alijiuma.

"Sijakasirika juu ulipiga kelele," akasema. "Hapo uliniokoa na yule wa kijiko. Lakini ungesema tu hujaiona. Ningekuja. Ningekaa nje nikungoje."

Nikalia, akaniacha nilie.

Hiyo wiki nikafunga kibanda mchana, nikaiangalia peke yangu na kalamu na karatasi. Mwanga iko mahali tatu. Niliandika dakika zote.

Na najua unataka kuuliza, juu hata mimi nilijiuliza: hiyo movie mpya ilikuwa inafaa? Ilikuwa poa. Hiyo ndiyo inanichoma. Kuna za kurudiwa ni takataka kabisa, lakini hii walikuwa wamefikiria. Yule mama mpya haogopeshi na sura. Anaogopesha vile anawapenda hao watoto. Brayo alikuwa sawa. Yeye alikuwa ameiona.

Nikapeleka karatasi kwao. Nyanya akaipokea, akaikunja bila kusoma.

"Ameenda Ruiru kutafuta kazi," akasema.

Juzi nilikuwa Ruiru kuchukua movie mpya. Kuna jengo wanajenga, ghorofa tano. Nikainua macho tu hivi, nikamwona juu kabisa, anatembea kwa mbao na ndoo ya simiti kwa bega. Chini kulikuwa na lori inashusha mabati mpya. Kila mtu akigeuza bati, jua inaipiga, inaruka kwa ukuta inapanda juu mahali yeye ako. Waka, zima. Waka, zima.

Hamisi akaniona. Nikafungua mdomo.

Akaweka kidole kwa midomo.

Msimamizi alikuwa hapo karibu yangu anakunywa chai, hata alinisalimia. Ilikuwa ni sentensi moja tu: huyo ako na kifafa. Lakini hiyo sentensi nilishaisema mara moja, na ndiyo ilimpandisha huko juu. Nikageuka nikaenda zangu. Mpaka leo sijui kama siku hiyo nilimheshimu ama nilimkosea tena.

Wewe unasoma hii, pengine kuna watu wanakuamini kwa kitu fulani. Hata kama ni kitu ndogo, hata kama ni movie. Kama hujaiona, sema hujaiona. Mtu atakucheka dakika moja na aende zake. Usimpe mtu neno lako akanyage juu yake na hujui kama inabeba.

Siku hizi dukani nikiulizwa movie iko aje, najibu tu zile nimemaliza. Na ambulensi ikipita kwa barabara kubwa, nasimamisha kila kitu, hata kama mteja ameketi anaangalia. Nasikiza kama inaelekea upande wa Ruiru.