Kitambaa cha Fundi Saa
Miaka ishirini fundi saa alikaa kitini. Sasa kila Jumapili hupanda mlima wa Boyacá, huko Kolombia, kwa baiskeli, tumbo likitangulia. Pale pumzi inapomwishia na mguu kugusa chini, hufunga kitambaa chekundu kwenye nguzo ya ua wa kando ya barabara, kwa vidole vile vile vinavyokamata skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi, kisha huteremka. Doña Griselda, anayeuza maji moto ya sukari guru pale konani, amekiona kitambaa kikipanda nguzo baada ya nguzo. Jumapili hii mguu uligusa chini nguzo tatu kabla ya kukifikia kitambaa.

“Kiache hapo hapo, fundi! Zaidi yangu nani kakuona?” Doña Griselda alimwambia.

Fundi alipanda kwa miguu, akakifungua, akarudi kukifunga nguzo tatu chini, pale mguu ulipogusa.

“Kwani mimi si mtu, mama?” alisema, akihema.