Makala Iliyonukuliwa Sana

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hofu yake hunirudia upya, ingawa sasa nimestaafu na hakuna wa kunifukuza kazi. Umekuja na furaha yako kwamba makala yako kuhusu ubongo imenukuliwa na watafiti wengi, nami nimekupongeza. Sasa kaa, nikutie hofu kidogo.

Nilikuwa mtafiti kijana wa magonjwa ya ubongo, binti wa milima ya Upare niliyesoma mpaka Ulaya na kurudi na maringo yangu. Mishahara ya wakati ule ilikuwa kichekesho, serikali inapunguza wafanyakazi, hospitali ndiyo zimeanza kuchangisha wagonjwa, na ukitaka dawa ya kifafa unaambiwa ukanunue dukani. Chuoni, asiye na makala alijua zamu yake ya kupunguzwa iko karibu. Basi nikarudi wilayani kwetu Same, nikazunguka vijiji vya tambarare kuwafuatilia wenye kifafa. Waliokaa muda mrefu bila kuanguka niliwapunguzia dawa taratibu hadi nikawaachisha, kisha nikapita tena kuuliza hali zao. Kila nyumba niliambiwa mgonjwa hajambo kabisa. Nikaandika kwamba dawa inaweza kuachwa mapema kuliko tulivyofundishwa.

Makala ikapendwa mno. Nani asingeipenda, na dawa zenyewe hazipatikani? Madaktari wa nchi nisizowahi kuzikanyaga wakainukuu, na profesa wangu, aliyekuwa hajui hata jina langu vizuri, akaanza kunitambulisha kwa wageni. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Nikaenda Kihurio kumsalimia shangazi yangu, na kujitapa kidogo. Nilimkuta uani akipepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umesikia yaliyompata Nakijwa?"

Nakijwa alikuwa binti wa jirani yake, mmoja wa wagonjwa wangu. Alikuwa ameanguka kifafa akipandikiza mpunga, uso ukazama kwenye maji ya jaruba. Wenzake walimtoa akiwa amekwisha kubadilika rangi. Alikuwa hai, amelala ndani kwao, lakini ilibaki kidogo tu afe.

"Haiwezekani," nikasema. "Mama yake aliniambia hajaanguka tangu aache dawa."

"Ulimuuliza mbele ya nani?"

"Mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na dereva. Na majirani waliokuja kutazama gari."

Shangazi akaweka ungo chini. "Binti amechumbiwa, wazee wako kwenye mazungumzo ya mahari, halafu wewe unamuuliza mama yake mbele za watu kama mwanawe anaanguka! Ulitaka akujibu nini? Angeuliza mzungu ningemsamehe. Wewe umezaliwa huku."

Mwili ulipoa na jua lote lile la Kihurio, kwa sababu nilikumbuka kwamba nyumba zote niliuliza vile vile, mwenyekiti pembeni yangu. Kisha nikawakumbuka wale madaktari wa mbali. Waliokuwa fahari yangu asubuhi, sasa kila mmoja nilimwona akimwachisha mtu vidonge kwa neno langu.

Siku hiyo hiyo nilimrudishia Nakijwa dawa. Nikapita tena nyumba kwa nyumba, safari hii nikiwakuta akina mama jikoni, peke yao. Wengi walilia kabla hawajasema. Watoto wao walikuwa wanaanguka.

Nilipomwambia profesa kwamba nataka kuikanusha makala, alinishangaa. "Watu wanapunguzwa kazi, wewe unajichongea mwenyewe?" Nikaandika hivyo hivyo. Cheo kilinipita na miaka mingi sikupewa ruzuku ya utafiti, lakini hilo si la kuogopesha. La kuogopesha ni hili: kanusho langu lilichapwa pembeni ya ukurasa, wachache wakaliona. Makala yenye kosa inanukuliwa mpaka leo, na sijui ni nani ameanguka wapi kwa sababu yangu. Sitajua kamwe.

Kwa hiyo mwanangu, kabla hujafurahia idadi ya wanaokunukuu, jiulize wanamfanyia nini mgonjwa kwa maneno yako. Ukimuuliza mtu jambo linaloweza kumvunjia heshima, muulize faraghani, na usilifanye jibu la adabu kuwa ushahidi. Na ukigundua umekosea, sema mapema, sema kwa sauti kubwa, maana kosa lililosifiwa haliitwi likarudi.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe jina jema, na kila anayelishika neno lako asimdhuru mtu kwalo.