Boila Iliyogoma Kwenye Nyumba ya Mzazi

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyoamka hapa London nikaona pumzi yangu inatoka mdomoni kama moshi, nami nimo ndani ya nyumba, chini ya mablanketi mawili. Nilikuwa kijana wa kuhamahama. Shule niliiacha mapema, nikawa utingo wa malori kwetu Tanga, kisha nikaja huku nikabeba maboksi madukani Kingsbury, nikafagia uwanjani Wembley. Sikukaa mahali, lakini kila mashine niliyokutana nayo nilitaka kujua tumboni mwake mna nini.

Wakati huo nilikuwa nimejibanza kwa binamu yangu Salma na mumewe, pembeni kabisa mwa jiji, ambako bomba la gesi halikufika. Nyumba ilipashwa joto na boila ya mafuta ya taa, mashine ya kuchemsha maji na kuyazungusha kwenye mabomba ya ukutani, tangi lake likiwa uani. Salma alikuwa amejifungua wiki hiyo. Mama yake, shangazi yangu Bi Zuhura, alikuwa amewasili juzi yake kutoka Tanga kuja kumlea mzazi: kumkanda kwa maji ya moto, kumfunga tumbo, kumpikia uji wa pilipili manga. Mume alikuwa kazini. Na boila ilikuwa imezimika.

"Twende Thornton Heath kwa wifi," alisema Salma, kichanga amekikumbatia kifuani, kanga chini, koti juu. "Mtoto atapigwa na baridi hapa."

"Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini," alijibu mama yake. "Na barafu hii? Labda mnizike kwanza."

Macho yakanigeukia mimi. Nilifurahi, sikufichi. Nikatazama umeme: upo. Saa ya boila: imepangwa sawa. Swichi ya joto ukutani nikaipandisha, kimya. Nikaenda uani kusoma kipimo cha tangi: mafuta yamezidi nusu. Nikabonyeza kile kitufe chekundu cha kuiwasha upya. Ikavuma, ikapuliza, ikazima bila moto. Nikasubiri, nikabonyeza mara ya pili, vilevile. Nikampigia fundi. Akasema atakuja kesho, akanionya nisiendelee kubonyeza, kwa sababu mafuta yakijikusanya ndani, siku moto ukishika unalipuka.

Kesho ni mbali kwa mtoto wa siku chache. Nikawa napita jikoni, nje ndani, tochi mkononi. Shangazi alikuwa anachemsha maji kwenye masufuria.

"We Rashidi, mbona wapitapita kama paka aliyepoteza watoto? Watafuta nini?"

"Boila, shangazi. Mambo ya huku haya, huyajui."

"Siyajui, eeh? Nyie mnaoyajua mmelala na mtungi wazi uani, na nyumba ina kichanga! Kama si mimi kuufunga jana usiku!"

"Mtungi gani?"

"Lile dude la kijani. Lina koki chini. Kwetu hakuna anayelala na gesi wazi."

Salma alicheka mpaka akapiga kelele, "Mama, mshono wangu!" Lakini shangazi hakucheka hata kidogo.

"Tangu alfajiri umeihoji mashine, umeuhoji ukuta, hata fundi umempigia simu. Mimi nimesimama hapa na sufuria, na hukuniuliza, 'Shangazi, umegusa kitu?' Ni kwa kuwa nimekuja juzi, au ni kwa kuwa nimezeeka?"

Nikatoka nje. Nikafungua koki ya tangi la mafuta, lile alilodhani ni mtungi wa gesi. Bomba lilikuwa limeingia upepo, na kutoa upepo nilikujua tangu enzi za malori ya dizeli: nikazima umeme, nikalegeza skrubu ya pampu, bakuli chini, povu likatoka mpaka yakaja mafuta matupu, nikakaza. Nikarudisha umeme, na kwa kuwa koki ilipofungwa hakuna mafuta yaliyojikusanya ndani, nikabonyeza mara moja. Ikakohoa, ikashika. Baada ya muda mabomba ya ukutani yakaanza kugongagonga kwa joto, na shangazi akaita kutoka bafuni, "Haya, nileteeni mzazi wangu!"

Mwanangu, wewe uliyezaliwa huku, ambaye bibi yako akikuuliza kwa Kiswahili unamjibu kwa Kiingereza, nisikilize. Kitu kikigoma, anza na watu wa nyumba. Uliza wote, mgeni na mzee kwanza, na uliza kwa upole, maana anayeogopa kulaumiwa hatasema. Kisha tazama umeme, saa, swichi, mafuta, na koki uifuate kwa mkono wako mpaka mwisho. Kitufe chekundu kikikataa mara ya pili, kiache. Ukisikia harufu ya mafuta ndani, zima na uite fundi, usijifanye shujaa. Ujuzi ninao mpaka leo na najivunia, ila siku ile mikono yangu ingehangaika mpaka jioni bila kinywa cha shangazi kuniuliza.

Mungu akupe nyumba yenye joto, akili isiyochoka kuuliza, na wazee wa kukukaripia ukiwa bado kijana wa kusikia. Amina.